Benchi la Mbele

Kaka yangu Harlan ndiye aliyekuwa akijaza birika la ubatizo katika kanisa letu la Kibatisti, huku Oklahoma magharibi, ambako ngano ni nyingi na maji ni machache. Tulimzika Februari mwaka huu, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Kwenye mazishi walisema alikuwa mkulima hodari, shemasi mwaminifu, mume wa Leta na baba wa watoto wawili. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi ni dada yake, na ninapomkumbuka, kinachonijia kwanza ni ile safari ya kwenda Texas kuangalia wanyama wa bahari, safari ambayo yeye mwenyewe hakuitaka.

Birika letu liko nyuma ya mimbari. Lina ngazi pande zote mbili, na likijaa, maji humfika mtu mzima kifuani. Bomba la ndani lilikuwa dhaifu, kwa hiyo Harlan alikuwa akivuta mpira wa maji kutoka kisimani nje na kuupitisha dirishani. Kazi hiyo ilimaliza Jumamosi nzima. Mwanawe Colby alimfuata kila mara, na huku maji yakijaa, wao walicheza drafti kwenye benchi la mbele. Walilichagua hilo kwa sababu halikuwa na mwenyewe. Wabatisti tunawahi kanisani ili tupate viti vya nyuma; benchi la mbele huachiwa wafiwa na wageni wasiojua. Maji yakishajaa na kupashwa moto, Harlan aliyapima kwa kiwiko, kama mama anavyopima maji ya kumwogeshea mtoto.

Colby alikufa Aprili, miaka mingi kabla ya baba yake, akiwa na miaka kumi na miwili. Ndoano yake ya kuvulia kambare ilinasa chini ya bwawa la ng'ombe, naye akaingia kuinasua. Miaka miwili kabla ya hapo, wakati wa ukame, Harlan alikuwa amelichimba bwawa hilo kwa trekta lake mwenyewe ili likusanye maji zaidi. Upande mmoja lilikuwa na kina kifupi, kama zamani. Upande mwingine kina chake kilizidi kimo cha mtu, na matope yake yalimeza mguu. Harlan alikuwa uani akitengeneza mashine ya kuvunia, akidhani mtoto yuko ndani. Ndiye aliyemtoa.

Mungu anajua kwa nini aliruhusu. Mimi sijui, na nimeacha kujifanya najua.

Mwezi mmoja baada ya mazishi ya Colby, Jumapili, mchungaji wetu Gaines alipowaita mbele wanaotaka kumpokea Yesu, Darla akainuka. Darla ni dada yake Colby. Alikuwa na miaka kumi. Alipita katikati ya kanisa peke yake, amevaa viatu vya shule, akampa mchungaji mkono. Leta, mama yake, alianza kulia. Mimi pia. Mchungaji akafanya kama ilivyo desturi yetu. Alimgeuza mtoto atutazame, akasema, "Wanaokubali tumpokee binti huyu kwa ubatizo, waseme amina."

Kanisa zima likaitikia amina.

"Kuna anayepinga?"

Swali hilo huulizwa kwa desturi tu. Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu akilijibu.

"Mimi napinga," Harlan akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Watu wote wakageuka. Mchungaji akasema taratibu, "Ndugu Harlan, huenda hukunielewa."

"Nimekuelewa, Mchungaji. Maji yameshachukua mmoja. Huyu hayampati."

Akatoka. Tulisikia pikapu yake ikiwaka. Darla alibaki pale mbele ameshika mkono wa mchungaji, hajui kama arudi alikokaa au abaki. Kesho yake Harlan alimrudishia mchungaji ufunguo wa kanisa.

Tangu siku hiyo nyumba yao ikawa na shida juu ya msiba. Darla aliuliza kila jioni, "Baba, lini?" Harlan alijibu, "Kula chakula chako." Mtoto hakuacha. Aliniambia mimi, "Shangazi, Colby alibatizwa. Mimi nisipobatizwa, nitamfuata vipi?" Nilimweleza kwamba wokovu ni kwa imani, Mungu hamsahau mtoto kwa sababu ya maji. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Basi kwa nini tunabatiza?"

Sasa, katika familia ya Harlan kulikuwa na utaratibu. Kila mwaka, ngano ikishavunwa, walikwenda likizo ya siku chache, na mtoto mmoja ndiye aliyechagua mahali. Mwaka uliotangulia Darla alichagua milima. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Colby, naye alikuwa ameshachagua tangu Krismasi: bustani ya wanyama wa bahari, kusini mwa Texas, yenye nyangumi wa kufundishwa na pomboo. Alituchosha masikio kwa habari za nyangumi. Mtoto ambaye hajawahi kuona bahari alijua nyangumi anakula nini na anazaa vipi.

Mavuno yalipokwisha, tulikuwa mezani kwao, mimi na mama yetu Verna tukiwa wageni. Leta akaweka bakuli la viazi katikati, hakukaa.

"Harlan, tutaondoka Alhamisi."

"Kwenda wapi?"

"Unajua wapi."

Harlan aliweka uma chini. "Leta, umerukwa na akili? Nipe sababu moja ya maana ya kusafiri kutwa kwenda kuangalia maji."

"Ni zamu ya Colby."

"Colby hayupo."

"Zamu yake ipo," Leta akasema. "Hakuna aliyeifuta. Unataka nimwambie Darla zamu ya mtu inaisha akifa?"

Mama, ambaye hajui kuvumilia kimya, akasema, "Mimi sababu ninayo. Nina miaka sabini na sita, na samaki mkubwa niliyewahi kumwona ni kambare aliyevuliwa na baba yenu, na hata huyo nadhani alimnunua."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Nife sijaona nyangumi? Nikifika mbinguni Yona atanidharau."

Darla akacheka kidogo, halafu akamtazama baba yake na kunyamaza. "Mimi nataka kuona wanavyopumua," akasema. "Wanaishi ndani ya maji na wanapumua hewa kama sisi. Colby aliniambia. Nataka kuona wanafanyaje."

Harlan alimtazama mtoto. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Twila? Una sababu yako?"

"Sina," nikamwambia. "Mimi nimekuja kula viazi."

"Basi mwende."

"Na wewe?" Leta akauliza.

"Nitakuja. Siwezi kuwaacha mkae karibu na maji bila mimi." Akachukua kofia akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, ambao hawakuwa na haja ya kuangaliwa.

Basi hiyo ndiyo sababu yake. Wengine huenda mahali kama pale kustarehe. Kaka yangu alikwenda kulinda.

Tuliondoka Alhamisi kabla jua halijachomoza, na sanduku la barafu lenye kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na chai baridi ya Mama. Njia nzima Harlan aliendesha bila kuwasha redio. Tulilala hoteli moja karibu na bustani. Hoteli ilikuwa na bwawa la kuogelea, na Harlan alirudi mapokezi kuomba chumba cha upande wa pili.

Asubuhi tulipofika, tulikula kwenye maegesho ya magari, maana Mama hanunui chakula mahali panapouzwa na watu waliovaa kofia za samaki. Harlan akaombea chakula, kwa kifupi mno. Zamani sala zake zilifanya mchuzi upoe.

Ndani, hakumwachia Darla mkono. Kulikuwa na birika pana, lenye kina kifupi, ambamo samaki aina ya taa walielea bapa kama chapati, na watoto waliruhusiwa kuinama na kuwagusa mgongo. Darla akainama. Harlan akamshika ukosi wa gauni kwa nyuma kama mtu anavyomshika mbwa. Binti mmoja mfanyakazi, mwenye ndoo ya vipande vya samaki, akatabasamu.

"Baba, usiwe na wasiwasi. Maji haya yanafika magotini tu."

"Najua maji yanafika wapi," Harlan akamjibu.

Tabasamu la yule binti likaisha. Leta akanisogelea, akasema chini chini, "Nimekosea, Twila. Nimemleta kumtesa."

Niliomba kimoyomoyo, sala fupi isiyo na maneno mengi: Bwana, usituache hapa.

Tulikwenda kwenye jengo lenye dirisha kubwa la kioo, ambapo mtu anawaona pomboo wakipita upande wa chini wa maji. Ndani kulikuwa na ubaridi na mwanga wa buluu. Pomboo wawili walizunguka pamoja, wakapanda juu kuvuta pumzi, wakashuka. Darla aliweka viganja vyote viwili kwenye kioo. Kila walipopanda, nilimwona naye akivuta pumzi, waliposhuka, aliibana. Mzee mmoja aliyekuwa akieleza wageni habari za wanyama hao akamwuliza kama ana swali.

"Wanalalaje?" Darla akauliza. "Wakilala si watazama?"

"Swali zuri sana, binti. Hawalali usingizi mzima. Nusu ya ubongo inalala, nusu inabaki macho, ili mnyama akumbuke kupanda juu kupumua. Halafu wanabadilishana, nusu hii na nusu ile."

"Kila siku?"

"Maisha yao yote."

Harlan alikuwa nyuma yetu, amekipa kioo mgongo, amekumbatia mkoba wa Leta na kofia za watu wote. Nilidhani hasikii. Akaniambia, bila kugeuka, "Ndivyo ninavyolala mimi."

Nikamshika mkono. Hakuuondoa.

Mchana palikuwa na onyesho la nyangumi, kwenye uwanja wenye ngazi za viti kulizunguka birika kubwa. Tuliwahi mno, kama tunavyowahi kila mahali. Hata hivyo viti vya nyuma, vyenye kivuli, vilikuwa vimejaa. Vya mbele kabisa vilikuwa vitupu, safu baada ya safu.

"Haya, tazameni," Mama akasema. "Kumbe Texas nzima ni Wabatisti."

Leta akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Aprili. "Mama Verna, tukae wapi?"

"Mbele. Hapa hakuna mhubiri wa kutunyooshea kidole. Kwa mara moja maishani nitakaa mbele bila kuwa mfiwa." Kisha akakumbuka, akaweka mkono mdomoni.

"Twendeni tu, Mama," Harlan akasema.

Tukakaa mbele. Tulikuwa na hakika kwamba tunajua kwa nini mbele ni patupu, kwa sababu kwetu siku zote huachwa patupu kwa sababu moja. Kulikuwa na maneno ya onyo yameandikwa kwenye sakafu, nasi tulikuwa tumeyakanyaga bila kuyasoma na kuweka sanduku la kuku juu yake. Watu wa nyuma walituangalia kwa furaha ambayo sikuielewa.

Muziki ukaanza. Nyangumi akatokea, mweusi na mweupe, mkubwa kuliko pikapu. Alizunguka birika mara mbili, akaruka, na mwili wote ukatoka nje. Mama akapiga kelele, "Yesu wangu!" Halafu nyangumi akaanguka kwa ubavu upande wetu, na ukuta wa maji ukapanda juu ya kioo na kutuangukia.

Yalikuwa ya baridi na chumvi, mengi kuliko nilivyodhani yangeweza kuwa. Kwa kitambo sikuona kitu. Nilipofungua macho, Harlan hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amembeba Darla mikononi, anapanda ngazi mbio, anateleza, anapiga magoti, anainuka. Watu waliokaa juu walikuwa wakicheka na kupiga makofi, wakidhani baba anamtania mtoto. Alimlaza kwenye njia kati ya safu, akamwondoa nywele usoni, akamgeuza kichwa upande, akaweka sikio mdomoni mwake. Alifanya kwa ufundi, harakaharaka. Aliwahi kuyafanya kabla. Leta aliona, nami niliona, na sisi wawili tu ndio tulijua tunaona nini.

Makofi yakafifia. Wale waliokuwa karibu walikuwa wameuona uso wake.

"Baba," Darla akasema. "Baba, napumua. Nisikilize. Napumua."

Aliendelea kuweka sikio pale.

"Unasikia? Naongea. Mtu hawezi kuongea kama hapumui."

"Nasikia," Harlan akasema. Akakaa kwenye ngazi. Maji yalimdondoka kwenye kofia, kwenye pua, kwenye mikono ya shati. Alianza kulia. Kwenye mazishi ya Colby hakulia, alisimama kama nguzo akiwashukuru watu kwa kuja. Sasa alilia mbele ya watu asiowajua wala kuwahi kuwaona, na nyangumi huko nyuma yake akaendelea na kazi yake.

Mama akaja akijikokota, nguo zimemganda. "Harlan, mwanangu," akasema, "kuku wote wameloa." Akamvua kofia, akaikamua kama nguo, akamvika tena.

Darla akajikamua nywele. "Mama, kuna onyesho lingine?"

"Lipo saa kumi," Leta akasema. Akamtazama mumewe. "Colby angefanyaje, Harlan?"

Harlan alijifuta uso kwa mkono wa shati ulioloa, ambao haukusaidia kitu. "Angetaka tukae pale pale."

"Ni zamu yake. Hatujaimaliza."

Sikutegemea angekubali. Lakini saa kumi tulikuwa kwenye benchi lile lile, nguo bado mbichi. Harlan alikaa kando ya Darla. Nyangumi aliporuka nikamtazama kaka yangu badala ya kumtazama mnyama. Alitanua kiganja, Darla akaweka chake ndani. Hakumfunika, hakumvuta. Maji yakatuangukia. Yalipokwisha alikuwa bado amekaa, amefumba macho, na mtoto anakohoa na kucheka kwa pamoja.

Tulirudi nyumbani. Ijumaa ya wiki iliyofuata Harlan alikwenda kwa mchungaji kuomba ufunguo. Mimi nilikuwa pale na mke wa mchungaji tukikunja vitambaa vya meza, na shemasi mwingine, Orville, alikuwa anakunywa kahawa.

"Abatizwe Jumapili," Harlan akasema. "Lakini nitaingia naye."

Mchungaji Gaines akaweka kikombe. "Kuingia majini, Ndugu Harlan?"

"Mkono wangu uwe chini ya mgongo wake. Wako na wangu."

"Haijawahi kufanyika," Orville akasema. "Mchungaji ndiye anayebatiza. Leo baba ataingia, kesho shangazi, keshokutwa tutajaa humo kama wali kwenye sufuria."

"Orville," Mama akamjibu alipoambiwa baadaye, "hata wewe kuwa shemasi haikuwahi kufanyika, na tuliivumilia." Lakini siku ile hakuwepo. Siku ile mchungaji alitazama dirishani, akampa Harlan ufunguo, akasema, "Nitakushikia mlango, ndugu yangu."

Jumamosi Harlan alivuta mpira wa maji, akaupitisha dirishani, akakaa kutwa nzima kwenye benchi la mbele. Nilimpelekea chakula. Bodi ya drafti ilikuwa kando yake, imefungwa. Mara kwa mara aliinuka, akainama juu ya birika, akaingiza kiwiko.

Jumapili, pazia lilipofunguliwa, mchungaji alikuwa majini na joho lake jeupe, na Harlan kando yake na ovaroli ya mavuno. Darla akashuka ngazi. Niliona mikono miwili chini ya mgongo wake, mmoja laini na mmoja wenye makovu ya mashine. Mchungaji akasema maneno, wakamlaza, maji yakamfunika uso. Alikuwa chini kwa muda wa kawaida tu, muda ambao kila mtu kanisani ameuona mara nyingi. Uso wa Harlan sitausimulia.

Darla akainuka. Baba yake akaweka sikio kwenye mdomo wake.

Hapo ndipo huwa tunaimba. Hakuna aliyeanza. Mchungaji akatoka, Harlan hakutoka. Alibaki amesimama katikati ya maji amemshika mtoto. Leta akavua viatu, akapita mbele ya kanisa lote, akashuka ngazi na gauni lake la Jumapili kuwafuata.

Sitaki mtu asome haya akadhani kaka yangu alipona. Bwawa alilizungushia uzio na kufuli, na ng'ombe aliwanywesha kwa hori mpaka mwisho wa maisha yake. Usingizi wake ulibaki nusu. Birika aliendelea kulijaza miaka yote, na akaongeza jambo ambalo zamani hakulifanya. Kwetu maji huachwa humo hadi Jumatatu. Yeye, watu wakishaondoka kwenda kula, alivuta kizibo na kusimama pale mpaka tone la mwisho liende. Hakutaka maji yabaki peke yake ndani ya nyumba ambayo watoto huingia.

Pasaka hii tumebatiza watatu. Birika lilijazwa na vijana wa Orville, wakafanya kazi nzuri. Ibada ilipokwisha watu wakatawanyika kwenda kwenye nyama na mayai ya Pasaka, na hakuna aliyekumbuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari. Nikarudi, nikapanda nyuma ya mimbari, nikakunja mkono wa gauni, nikatafuta mnyororo wa kizibo kwa kupapasa, nikauvuta. Kisha nikakaa benchi la mbele, nikasikiliza maji yakishuka, mpaka yakaisha.